Nyumba ya Chini

Kitindamimba wetu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, umeshiba na umelala kitandani kama watu, si kwenye kiti cha lori. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Watoto wanakusalimu. Mkubwa ameng'oka jino la mbele na ametaka uambiwe wewe kabla ya mtu mwingine yeyote, na mdogo bado anaamini kwamba lori unaloendesha ni mali yako na kwamba unamnyima kwa makusudi. Shemeji yako naye anakusalimu. Mama tulizungumza juzi, na habari zake nitakupa mbele.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu zangu unazipokea ukiwa kwenye usukani, injini inanguruma, utingo wako anasikiliza, na kila nikitaka kusema neno la maana unaniambia utanipigia ukifika. Kisha hufiki. Kwa hiyo nimeandika, na nitaiacha ofisini kwenu kwa yule mama anayepanga safari akukabidhi mkononi. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, gari limezimwa, na usiishie njiani. Mwishoni kuna jambo lako.

Ile hadithi yako ya kioo cha pembeni ilitufikia. Shemeji yako alicheka mpaka akashika mbavu uliposema kwamba lango la ghala ndilo lililokusogelea, si wewe uliyelisogelea. Nilicheka na mimi. Hilo nalo nitalirudia.

Kwanza nikueleze habari ya nyumba, maana najua shemeji yako ameshakupa upande wake. Jengo tulilopanga limeuzwa, na mmiliki mpya anataka kuligeuza ofisi. Tumeambiwa tuwe tumetoka kabla shule hazijafunguliwa. Akiba tunayo, benki imekubali kutukopesha, na kwa muda mrefu tulishakubaliana kwamba tutanunua nje kidogo ya mji, mahali ambapo watoto wanaweza kukimbia bila jirani wa chini kugonga dari kwa fagio. Lililobaki lilikuwa kuchagua tu ni nyumba ipi na lini. Ungedhani kazi imekwisha. Thubutu! Hapo ndipo mimi na mume wangu tulipoanza kuishi kama watu wawili waliokutana kituoni.

Dalali wetu ni kijana mwenye viatu virefu vya ncha kali. Mume wangu amembatiza jina la Hapo Tu, kwa sababu kwake kila kitu kipo hapo tu. Shule iko hapo tu, hospitali iko hapo tu, lami inakuja hapo tu. Yeye ndiye aliyetupeleka kilimani, kwenye nyumba za ghorofa zinazojengwa kwa safu, ambazo zitakwisha mwakani. Mume wangu alipofika pale alisimama kwenye baraza ya juu, akafungua vifungo vya shati na kuuacha upepo umpige kifuani. Unamjua, fundi wa viyoyozi na majokofu hana anachokipenda duniani kama upepo wa bure. Alisema hatatoka tena hapo, wamletee godoro. Mpango wake ulikuwa tupange mahali pengine kwa mwaka mmoja, tuvumilie, kisha tuhamie kilimani nyumba ikiwa tayari.

Tulikuwa tumekwenda baada ya kazi na jua lilikuwa linazama. Ngazi zilikuwa bado hazina vishikio. Wakati wa kushuka niliweka mguu mahali ambapo hapakuwa na ngazi, na kama mume wangu asingenidaka kwa mkono wa gauni ningefika chini kabla ya wote. Hapo Tu akasema taa zinakuja hapo tu. Mume wangu alicheka. Mimi nilimshika mkono mpaka tulipofika barabarani, na tangu dakika ile nikaichukia nyumba ile.

Lakini sikumwambia kwa nini. Nilikuwa na sababu ambayo mume wangu hakuijua, na kwa kuwa sikutaka kuitaja, nilianza kutoa sababu za kitoto. Nilisema rangi ya nje inaumiza macho. Nilisema vyumba vya watoto vinatazamana na choo. Nilisema mbwa wa jirani hana adabu, na mbwa mwenyewe alikuwa amelala. Mume wangu aliniangalia kama anavyoangalia jokofu linalotoa mlio asioujua.

Nyumba niliyoitaka mimi niliipata mwenyewe. Ni nyumba ya chini, ndogo, ya zamani, kwenye mtaa tambarare. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu anayehamia kwa binti yake. Ukiingia mlango wa mbele, ukumbi unakwenda moja kwa moja mpaka jikoni bila kona. Swichi za taa zote ziko upande mmoja wa milango, kwa kimo kimoja, utadhani aliyezifunga alikuwa ananifikiria mimi. Madirisha ni makubwa. Ukitoka getini, njia ya waenda kwa miguu inakupeleka dukani, inakupeleka zahanati, inakupeleka shuleni, na huvuki barabara hata moja. Ngazi ni moja tu nyumba nzima, ile ya kutoka mlango wa jikoni kwenda uani. Nilipozunguka nikipapasa kuta, Mwalimu alinifuata kwa macho, hakuuliza kitu, akaenda kutuchemshia chai.

Mume wangu naye alipapasa ukuta, lakini kwa sababu zake. Alisema ukuta ule unashika joto, paa liko chini mno, na kwamba mchana nyumba hiyo itatupika kama maandazi. Aliiita nyumba ya kustaafia. Mwalimu alisikia na hakukasirika. Alisema tu kwamba kuna familia nyingine inayoitaka, lakini kwa kuwa sisi tuna watoto wa kwenda shule ile pale, atatusubiri mpaka Ijumaa. Baada ya Ijumaa atawapa wengine.

Hapo ndipo kilipoingia kile kinachoitwa cheo changu. Umeshaambiwa kwamba siendeshi tena foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo, kule ghalani kazini kwangu. Mwanzoni mwa mwaka nilihamishiwa meza ya kupokea mizigo. Ndugu yangu, shemeji yako amelishika jambo hilo kama yeye ndiye aliyepandishwa. Majirani wanajua, wateja wake wote wanajua, mpaka muuza vipuri anajua kwamba mke wake sasa ni bosi na anakalia kiti kinachozunguka. Nami nilikuwa nimekaa kimya, nikimwacha aseme. Sasa ukimya wangu ukanigeuka. Kila nilipomwambia tununue ile ndogo, tena sasa hivi, alinijibu kwamba mwanamke aliyepanda mwaka huu atapanda tena mwakani, na kwamba haoni haraka ya nini watu wanaopanda kukimbilia kibanda cha chini. Ningesema nini, wakati uongo wenyewe ndio uliokuwa unamjengea ghorofa?

Wiki hii yote tumelala tumepeana migongo. Watoto wametambua, maana wamekuwa na adabu isiyo ya kawaida. Kisha Hapo Tu, ambaye mdomo wake hauna mfuniko, akamwambia mume wangu kwamba ameniona mara kadhaa kwenye mtaa ule wa chini mchana, peke yangu, nikitembea polepole kutoka getini kwa Mwalimu mpaka shuleni na kurudi. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nikitumia saa yangu ya chakula, na mume wangu sikumwambia.

Juzi jioni, watoto walipokuwa bafuni, aliniuliza kama kuna mtu kwenye mtaa ule. Hakupiga kelele. Unajua yeye akipandisha sauti anatania, na akiishusha ndipo pa kuogopa. Aliniuliza huku anakunja kitambaa cha mezani, akikikunja na kukikunjua, na akasema kwamba kama kuna mwanamume mwingine nimwambie sasa, kabla hajaweka jina lake kwenye karatasi za benki. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nikaishia kusema kwamba hakuna mtu. Hakuniamini, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilimwelewa kabisa.

Sasa, mdogo wangu, nakuambia wewe kama nilivyomwambia yeye.

Sikupandishwa cheo. Siku moja nilikuwa narudi nyuma na foklifti, mzigo juu, na mwenzangu alikuwa amesimama upande wangu wa kushoto karibu na ukuta. Alikuwa amevaa ile fulana ya rangi ya chungwa ambayo hata mtoto mchanga angeiona. Mimi sikumwona. Kelele yake ndiyo iliyonifanya nikanyage breki, na niliposhuka nilikuta kati ya chuma na tumbo lake hapapiti hata kitabu. Hakunitukana. Alikaa sakafuni akashikilia kichwa. Nilikwenda kwa daktari wa macho nikidhani atanipa miwani. Akaniweka mbele ya mashine, akaniambia nitazame nukta ya katikati na nibonyeze kitufe kila nikiona taa inawaka pembeni. Nikangoja taa, nikaona chache, nikabonyeza. Baadaye akaniambia kwamba taa zilikuwa zinawaka muda wote.

Ugonjwa huu unakula kuona kwa pembeni kwanza, na kuona gizani, kisha unasogea kuelekea katikati. Mbele naona vizuri, barua hii naiandika mwenyewe karibu na dirisha. Lakini ni kama ninayetazama kupitia bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Daktari hakuniambia ni lini nitaacha kuona, alisema hakuna anayeweza kusema. Hauna dawa kwa sasa. Bosi wangu alinipa ile meza kwa mshahara uleule, kwa wema wake. Siku ile nilirudi nyumbani nimeshajiandaa kumwambia mume wangu, lakini mtu wa ghalani alikuwa ameshampigia simu kumpongeza kwa kuwa mkewe amepewa kazi ya mezani. Nilimkuta mlangoni amenyoosha mikono. Furaha ile, ndugu yangu, ningeanzia wapi kuivunja? Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikawa mwezi, mwezi ukawa miezi.

Ndiyo sababu nilitaka nyumba ya chini, na niitake sasa. Nataka kuijua nikiwa bado naiona. Nataka miguu yangu izoee ile njia ya shuleni kabla macho hayajaniaga. Nyumba ya mwakani mimi hainifai.

Nilipomaliza kumwambia, mume wangu aliinuka akachukua funguo zake akatoka. Hakusema anakwenda wapi. Alilala kwa rafiki yake fundi, na jana mchana kutwa simu yake ilikuwa imezimwa. Nilikwenda kazini, nikapokea mizigo, nikaandika hesabu kwa makosa, nikarudi. Nilijikaza mbele ya watoto. Nilijiambia kwamba nimempoteza, na si kwa sababu ya macho bali kwa sababu ya zile pongezi zote nilizomwacha ajibu peke yake.

Alirudi jua likizama, suruali imejaa vumbi la saruji mpaka magotini. Alikuwa ametoka kwa Mwalimu. Alikaa, akavua viatu, akasema kwamba ile ngazi ya mlango wa jikoni lazima iondoke, ameipima, itawekwa mteremko wa taratibu na kishikio upande wa kulia. Akasema joto ni kazi yake, atatoboa matundu ya hewa karibu na dari na hatutapikwa. Akasema amemwambia Mwalimu kwamba Ijumaa ni mbali, tutakuja kesho. Kisha akainamisha uso kwenye viganja vyake akalia, na mimi nikalia, na watoto wakaja kusimama mlangoni bila kujua walie au wakalale. Baadaye aliniuliza sasa atawaambia nini wateja. Nilimwambia kiti kinazunguka kweli, hapo sikudanganya. Akacheka, nami nikaenda kuwalaza watoto. Leo asubuhi tumetia sahihi.

Sasa lako.

Daktari aliniuliza kama kuna mtu kwetu aliyekuwa na shida ya macho. Nikasema hakuna. Akaniuliza kama kulikuwa na mtu aliyekuwa anajikwaa, anayegonga milango, asiyependa kutoka jioni. Wewe na mimi tunamjua mtu huyo. Tulikuwa tukimwona akirudi kutoka karakana ya useremala amechubuka paji la uso, tukimsikia akigonga ndoo uani, na watoto wenzetu walikuwa wakimwiga anavyopepesuka, nasi tukijificha nyuma ya nyumba kwa aibu. Nilimpigia mama. Nikamuuliza swali lilelile. Akasema kwamba alikatazwa kusema, ila aliyemkataza hayupo tena.

Baba hakuwa mlevi. Baba alikuwa haoni. Alimwambia mama kwamba fundi mlevi ataambiwa aende alale arudi kesho, lakini fundi asiyeona ataambiwa asirudi kabisa, na yeye ana watoto wa kulisha. Alikuwa akinunua chupa moja ya pombe, anaisukutua mdomoni kabla ya kufika njia kuu, nyingine anajimwagia kidogo kwenye kola, ili watu wakimwona anayumba wawe na jibu tayari. Zile kelele zote za mama dhidi ya pombe, alikuwa akizipiga kwa ajili ya majirani. Nimeyafikiria haya mpaka kichwa kinauma. Tulikuwa na baba asiyelewa, na tulimzika tukisamehe ulevi wake.

Ugonjwa huu ni wa damu. Daktari anataka kuwapima watoto wangu, na amesema ndugu yangu apimwe pia. Huenda huna kitu, na nitafurahi ukinicheka mbele za watu. Lakini nimekumbuka kioo cha pembeni. Umevunja kioo hicho zaidi ya mara moja mwaka huu, na kila mara ni upande uleule. Umeniambia kwamba taa za magari ya siku hizi ni kali kuliko za zamani. Umeniambia kwamba waendesha pikipiki wa siku hizi hawana akili, wanachomoza tu ghafla kutoka pembeni. Na utingo wako, nilipozungumza naye mara ya mwisho, alijisifu kwamba giza likianza kuingia humwachii asinzie, unamtaka akutajie kila kinachokuja. Wote tulicheka. Una vichekesho vizuri kuliko chupa ya baba, na ndiyo maana naviogopa.

Nenda ukapime kabla ya safari yako nyingine ya usiku. Sikuambii ukipata nafasi, nakuambia kabla. Huyo mama wa safari aliyekupa bahasha hii hajui kilichomo, sijamwambia neno. Nakuachia umwambie mwenyewe, kwa heshima yako. Lakini jina lako likipangwa kwenye safari ya usiku nami sijasikia daktari kasema nini, nitakwenda ofisini kwenu nimweleze kila kitu, na kama ni kunichukia utanichukia ukiwa hai. Barabarani kuna wengi wanaosimama upande wako wa kushoto, na si wote watakaowahi kupiga kelele.

Msalimie utingo, mwambie tunamshukuru. Mama anasema ule, na anasema usimkasirikie. Watoto wanauliza utakuja lini. Tutahamia mwisho wa mwezi, na chumba cha mbele, chenye lile dirisha kubwa, hatutampa mtu, ni chako kwa muda wowote utakaoutaka, majibu yakiwa ya kheri au yakiwa mengine. Mlango wa jikoni utakuta umeshatengenezwa.

Ukija, njoo kwa basi. Kaa dirishani, na umwache mtu mwingine aendeshe.

Ni mimi dada yako akupendaye,
wa meza ya mizigo